Kuhani Mabela

Ukiingia Mabela, mtaa mpya wa nje ya mji, bila kuijua njia, umekwisha. Nyumba zote nyeupe, kuta zote ndefu, mageti yote rangi ya kahawa. Na kila mwaka wanazidi kujenga kule nyuma jangwani, mpaka nahisi iko siku tutakutana na watu wa Dubai nao wanajenga kuja huku. Bibi yangu, Bi Masouda, anasema ule si mji, ni ghala la nyumba.

Siku ile hakutania. Alikaa kando yangu garini, mkono umeshika tasbihi, macho barabarani. Mzee Marhoon, mume wa shoga yake Bi Nasriya, alikuwa amefariki, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya tatu, ya mwisho ya kuhani, kuwapa mkono wafiwa. Ikiadhiniwa magharibi, matanga yanavunjwa. Bibi na Bi Nasriya walikaa Wattaya, mtaa wa zamani, nyumba zao ukuta mmoja, tangu walipotoka Unguja, mpaka mwaka jana Safwan, mtoto wa Bi Nasriya, alipojenga Mabela akawahamisha wazee wake. Siku mbili za mwanzo Bibi alikuwa na homa, hawezi kusimama. Akapiga simu, haikupokewa.

"Ataona nimemtupa," alisema. "Mtu wa ukuta mmoja."

"Ulikuwa mgonjwa, Bibi. Ataelewa."

"Mfiwa haelewi, Nunu. Mfiwa anatazama mlango tu."

Ramani ya simu ikasema tumefika. Geti wazi, viatu vya kike mlangoni, harufu ya udi. Nikasema tuulize kwanza. Bibi akanikata jicho.

"Matangani unaulizaje? 'Samahani, hapa ndipo alipokufa mtu?' Unaingia, unatoa mkono, unakaa."

Tukaingia, tukatoa mkono kuanzia kulia. Wanawake walikuwa wachache, magodoro mengi matupu, kahawa imepoa. Bibi akayatazama yale magodoro, machozi yakamjaa.

"Wattaya pasingekuwa na pa kukanyaga," alininong'oneza. "Tazama walikomleta mwenzangu."

Akaanza kulia. Mwanamke mmoja kijana, kitoto mapajani, aliposikia Kiswahili alimpa mwenzake kile kitoto, akaja akamwangukia Bibi kifuani.

"Mama alikuwa akisema Kiswahili," alisema. "Huku hakupata wa kusema naye."

Bibi akampapasa mgongo. Kisha akauliza taratibu, "Nasriya yuko chumbani, mwanangu?"

"Nasriya nani, bibi?"

Nilitamani godoro linimeze. Mimi ni mtu wa masihara, lakini hili hata mimi nisingelitunga. Yule dada aliitwa Rawya, na aliyefariki ni mama yake. Watu wa Bujumbura hao, wamehamia Mabela juzi juzi, na hawajamjua jirani hata mmoja.

Nikamvuta Bibi abaya. "Tumekosea nyumba. Twende, jua linazama."

"Nnaliona jua."

"Na Bi Nasriya je?"

"Nunu. Mtu kakushika namna hii, unajichomoa?"

Rawya alikuwa amemng'ang'ania mkono kwa mikono yake miwili. Bibi akakaa. Akasoma naye Yasini, sauti inamkatika, kila mara jicho linakwenda dirishani kwenye mwanga unaopungua. Hakuinuka mpaka ilipoadhiniwa, Rawya mwenyewe akamwachia mkono, akaenda kusali.

Nyumba ya Bi Nasriya ilikuwa mtaa wa pili, mgongo kwa mgongo na ile. Ramani ilikuwa imetupeleka nyuma. Tulipoingia, vikombe vilikuwa vinaoshwa na magodoro yamesimamishwa ukutani. Bi Nasriya alikuwa peke yake kwenye lililobaki.

"Masouda," alisema bila kunyanyua uso. "Watu washatawanyika."

"Najua."

"Siku tatu natazama mlango."

Nikafungua mdomo nieleze homa. Bibi akanizuia kwa mkono.

"Nnakuja tangu alasiri, Nasriya. Nimeingia matanga ya watu wengine. Mtoto kafiwa na mama, hana mtu. Nikashindwa kuondoka."

"Nyumba ipi?"

Nikanyoosha kidole dirishani, juu ya ukuta wa uani, kwenye kamba ya nguo iliyokuwa ikionekana kwenye paa la pili.

Bi Nasriya akanyanyua uso, akaitazama ile kamba.

"Nilikuwa nasikia kitoto kinalia," alisema. "Nikadhani televisheni."

Akajikaza kuinuka, kisha akakumbuka yuko eda ya mume, hatoki. Akarudi chini. "Taghreed," akamwita mke wa Safwan, "pakua wali kwenye sinia, umpelekee yule mfiwa wa nyuma. Nunu anaujua mlango." Akasogea kwenye godoro, akaacha nafasi. Bibi akakaa, bega kwa bega naye, wote wawili wanatazama chini.

Wattaya sinia lingepitishwa juu ya ukuta. Huku ukuta ni mrefu na kichochoro hakuna, kwa hiyo tuliingia garini, tukazunguka mtaa mzima, tukapita mizunguko miwili ya barabara, kufika kwenye nyumba ambayo nguo zake tulikuwa tukiziona dirishani. Taghreed alilipakata sinia la moto, na mimi nikamwonyesha lile geti lililo wazi.