Karani na Mtandao wa Jumapili

Karani alistaafu mahakamani miaka sita iliyopita, lakini mahakama ilikataa kumwachia. Miaka thelathini aliandika neno kwa neno yaliyosemwa na mashahidi, wakweli kwa waongo, na kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu yeyote kabla ya kunywa chai. Ndiyo maana simu ya Jumapili ilipoanza kukatika, hakulaumu mtandao kama wanavyofanya watu wengine. Yeye alisema kuna mtu.

Simu yenyewe ilikuwa ya binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali. Kila Jumapili alasiri Karani aliifungua laptopu juu ya meza ya kulia, mkewe akavuta kiti, na uso wa binti ukatokea, na wa mjukuu nyuma yake. Walizoea kuongea mpaka chai ikapoa vikombeni. Sasa ilikuwa wiki ya tano simu haimalizi robo saa. Kioo kinaingia giza, na baada ya muda unakuja ujumbe kwenye simu ya mkononi: "Samahani baba, mtandao wenu." Mzee huyu hakuwa na starehe nyingine duniani. Ukimnyang'anya Jumapili yake, umemnyang'anya wiki nzima.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mwalimu, mpangaji wa chumba cha uani, ambaye Karani mwenyewe alimpa neno la siri la mtandao kwa ukarimu wake.

"Anapakua sinema yule," Karani alisema. "Anatunyonya."

"Mwalimu wa watu hata televisheni hana," mkewe akamjibu.

"Ndiyo maana."

Akabadilisha neno la siri. Asubuhi mwalimu alibisha hodi, akauliza kwa adabu amekosa nini. Karani akamwambia uchunguzi unaendelea, akafunga mlango. Jumapili iliyofuata simu ikakatika vilevile, dakika ya kumi na moja. Alikuwa ameiandika kwenye daftari, kama alivyoandika kila kitu: saa, dakika, nani kasema nini.

Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, na jicho lake likamwangukia mkewe.

"Ni wewe unayefuta vumbi kule kwenye ruta, kile kisanduku cha mtandao."

"Nishitaki," mkewe akasema, akaendelea kukunja nguo. "Na uandike kwamba mshitakiwa alikuwa na njaa akisubiri uende sokoni."

Ilibidi aitwe fundi. Alikuja mama mmoja mwenye miwani na mkoba mzito, akaamkia, akaulizia ruta iko wapi. Karani akampeleka nyuma ya kabati la chuma, alikoificha ili wezi wasiione.

"Baba, hiki kitu umekitia gerezani," fundi akasema. "Chuma kinaziba mawimbi. Laptopu itapata wapi mtandao?"

Akaihamishia juu ya rafu, peupe. Kisha akaikagua laptopu, akakuta imewekwa kubana umeme, kwa hiyo kila inapojiona haina kazi inaulaza mtandao usingizi. Akarekebisha. Akaiacha laptopu na ruta ziitane na kuitikiana saa nzima, na hakuna wito uliokosa jibu.

"Imepona," akasema.

"Imepona kwa maneno," Karani akasema. "Njoo Jumapili, tuione ikipona kwa ushahidi."

Fundi alicheka, lakini Jumapili alikuja. Safari hii alileta na waya mrefu, akauchomeka kutoka kwenye ruta mpaka kwenye laptopu, ili hewani kusiwe na cha kusingiziwa. Yeye akakaa pembeni na kompyuta yake ndogo akiichunga njia.

Binti akatokea. Amekonda kidogo, Karani aliona, lakini alikuwa anacheka. Mjukuu akaonyesha pengo la jino. Bibi akashangilia. Kalamu ya Karani ikawa inakwenda.

"Na mkwe wetu hajambo?" akauliza. "Mbona siku hizi hapiti hata kutusalimia?"

Giza. Na punde ujumbe: "Samahani baba, mtandao wenu."

Karani alipiga meza kwa kiganja. "Umeona! Umeona mwenyewe!"

Fundi aliitazama kompyuta yake ndogo. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Baba, mtandao haukuyumba hata kidogo. Mpaka sasa upo. Hebu nione hilo daftari lako."

Akampa. Ajabu ni kwamba Karani hakuwa amelisoma hata mara moja. Karani haandiki ili aelewe. Huandika ili hakimu asome, na hapa nyumbani hakimu hakuwepo. Fundi akafunua, akasoma kwa sauti mstari wa mwisho wa kila wiki, kabla ya simu kukatika. Wiki ya kwanza: mama anauliza mkwe yuko wapi. Ya pili: baba anauliza kama mkwe amepata likizo. Ya tatu: mama anasema mpe mumeo simu tumsalimie. Akaishia hapo. Mke wa Karani alikuwa ameshaweka mkono mdomoni.

Fundi alikusanya waya wake taratibu. "Yaliyobaki si ya fundi," akasema, akaaga.

Karani alilichukua daftari, akalifunga. Alikuwa amemshuku mwalimu, amemshuku mama wa mtoto wake, na asiyeshukiwa ni yule aliyemkabidhi binti yake kwa mikono miwili. Akaishika simu ampigie mkwe pale pale, amhoji mpaka aseme.

Mkewe akamshika mkono. "Ukimuuliza binti yetu, atakata. Na ukimuuliza mume, huenda tusimwone tena mtoto wetu hata hizo dakika kumi."

Wiki ile Karani hakulala vizuri. Alimwomba radhi mwalimu, akamrudishia neno la siri, na mwalimu alishangaa kuona macho ya mzee yamelowa.

Jumapili ikafika. Daftari halikuwepo mezani. Waliongea juu ya bati linalovuja, juu ya bei ya nyanya. Dakika ya kumi na moja ikaja, ikapita. Ya ishirini ikapita. Karani aliuma ulimi. Kila swali alilolijua lilikuwa pale, limemjaa mdomoni, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya hakimu. Maneno yakawaishia wote. Wakabaki kutazamana.

"Baba, mbona leo huniulizi kitu?"

"Leo nakutazama tu, mwanangu."

Binti aligeuka nyuma. Akainuka, wakasikia mlango unafungwa na kitasa kinazungushwa. Aliporudi alikaa karibu sana na kioo, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba, kile chumba changu cha zamani. Nikija na mtoto, tutaenea?"

Chumba kile kilikuwa kimejaa magunia na viti vibovu mpaka dirishani.

"Mtaenea," Karani akasema.

Mkewe hakuwa tena kwenye kiti. Kutoka upande wa pili wa ukuta alisikika akiburuta magunia.