Boti Iliyoota Ndevu

Ufuko mzima wa Nungwe ulikuwa na boti moja tu ya aluminiamu, nayo ilikuwa ya Sabiti. Aliinunua kwa watafiti wa samaki waliokuwa wakifungasha kurudi kwao, mwanzoni mwa miaka ya themanini, akaacha ufundi wake wa baiskeli Shinyanga mjini, akahamia ziwani na mkewe Mwanne. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu ghubani, lakini raha yake ilikuwa kuisugua boti. Kila jioni alichukua msasa, majivu na ndimu, akaing'arisha nje na ndani mpaka juani haitazamiki.

"Mimi hujawahi kunishughulikia hivyo," Mwanne alimtania.

Siku moja alimvusha Bartholomeo, mchimbaji wa Nyarugusu, aliyepakata chupa ya zebaki, ile wanayokamatia dhahabu. Mawimbi yaliwarusharusha, lakini walifika salama wakaagana. Jioni Sabiti alipokuwa akisugua, aliona vitone viwili vitatu vikikimbia chini ya msasa. Akadhani ni maji, akaendelea.

Asubuhi boti ilikuwa imeota ndevu.

Karibu na kiti cha nyuma zilisimama nyuzi nyeupe, laini kama pamba. Sabiti akazipangusa kwa tambara. Akageuka kufunga injini. Alipotazama tena, nyingine zilikuwa zinachomoza. Alisogeza kiganja, akahisi joto. Bati chini yake lilikuwa limeanza kuchimbika.

"Mayu!" alimaka Mama Tabu, muuza dagaa, akirudisha mguu aliokwisha kuuinua apande. "Chombo hakioti mvi bila mkono wa mtu. Mimi simo." Abiria wengine wakamfuata kwenye mitumbwi.

Sabiti naye aliogopa, ila hamu ya kujua ilimzidi. Akaketi mchangani, akawa anapangusa na kungoja, kupangusa na kungoja, mpaka Mwanne akamletea uji pale pale.

"Kitu gani kimeingia humu ambacho hakijawahi kuingia?" Mwanne aliuliza.

Hapo Sabiti akakumbuka vile vitone.

Bartholomeo aliporudi ufukoni walimwonyesha. Aliinama, akatikisa kichwa. "Shemeji, zebaki naijua. Inakamata dhahabu, inakamata fedha. Lakini sisi tunaitilia kwenye karai la chuma, wala halina neno. Hili sijapata kuliona."

"Bado unayo?" Sabiti aliuliza.

"Kidogo."

Sabiti alikwenda nyumbani, akarudi na mfuniko wa sufuria, nao wa aluminiamu kama boti. Mwanne alifungua kinywa alalamike, kisha akachuchumaa naye kutazama. Bartholomeo alidondosha tone moja upande huu, tone jingine upande ule. Wakangoja. Matone yalikaa tu yaking'aa, mfuniko haukubadilika.

"Basi si zebaki," Bartholomeo alisema, akapumua.

"Subirini," Mwanne alisema. "Huu haujasuguliwa. Wewe boti yako uliisugua."

Sabiti alimtazama mkewe, akachukua kipande cha msasa, akakwaruza nacho bati chini ya tone moja. Punde si punde pale palififia, pakafanya ukungu, halafu unywele mweupe ukachomoza, ukarefuka wakiuona kwa macho. Tone la pili, juu ya bati lililofubaa, halikufanya lolote.

"Kumbe ule weusi wa bati lisilosuguliwa ni ngozi yake," Sabiti alinong'ona. "Nami kila jioni naichuna!"

Mwanne aliukamata ule mfuniko kwa tambara, akaenda kuufukia mbali na kisima. "Hakuna atakayepikia kitu kilichoota ndevu," alisema.

Sabiti alikata sehemu yote iliyoharibika, pana kuliko ilivyoonekana, akagongomea kiraka alichokikata kwenye kiti cha mbele na kuziba kingo kwa lami. Ndani akapaka rangi ya kijivu aliyoitafuta mpaka Geita. Tangu hapo kila abiria mwenye zebaki aliambiwa aifunge ndani ya ndoo ya plastiki yenye mchanga, la sivyo apande mtumbwi.

Mama Tabu alikaa wiki kadhaa bila kupanda. Alipopanda, alipapasa sakafu kwanza.

Sabiti alibaki na swali moja. Alikikwaruza kipande cha bati kilichobaki, akakiweka dirishani, akawa anakitazama kila alipopita, apate kujua ngozi ile hujirudisha vipi.

"Imeota?" Mwanne aliuliza.

"Sijaiona ikija," alijibu, akikigeuza kwenye mwanga. "Lakini mng'ao umepungua. Hebu njoo utazame."