Kifungo cha Saba

Gauni la Komunyo lilikuwa na vifungo sita mgongoni. Jumamosi ile lilikuwa na vitano.

Selestina alilikunja na kulitia kwenye mfuko kabla mama yake hajamaliza chai. Misa ilikuwa kesho yake, na binti yake Winnie angekuwa msichana wa tatu wa familia kulivaa, baada ya Getruda na yeye mwenyewe. Kila lilipotolewa sandukuni, utepe na lesi vilibadilishwa kwa sababu vilikuwa vimechakaa. Vifungo havikubadilishwa. Vilitoka kwenye shati la harusi la marehemu baba yao, Luhaga. Vilikuwa vyeupe, vya gamba la chaza, na ukivigeuza mwangani vilitoa rangi kama mafuta juu ya maji.

Kifungo cha sita kilikuwa ziwani. Mabomba ya Kiseke, mtaani kwake, yalikauka wiki mbili zilizopita, Selestina akaenda kulifulia gauni kwenye mawe ya ufukweni. Uzi ulikatika. Alisikia mlio mdogo juu ya jiwe, kisha hakusikia kitu tena. Mama yake, Bi Paskazia, aliposhuka juzi kwenye meli ya Nansio na kuvihesabu vifungo kwa kidole, Selestina alimwambia kwamba gauni lilitoka hivyo kwa dada yake Getruda, aliyekuwa akilitunza.

"Basi Jumamosi tukishanunua utepe tunapitia Igoma kwa Getruda," alisema Bi Paskazia. "Kitakuwa uvunguni. Tutahamisha vitanda."

Kwa hiyo Selestina alikuwa na asubuhi moja. Ama apate kifungo kinachofanana na vile, ama amwache dada yake ahamishiwe vitanda kwa kosa lisilo lake, ama aseme.

Duka la vifaa vya ushonaji la Maige lilikuwa mtaa wa Mirongo. Selestina alilikumbuka lilivyokuwa miaka kumi na miwili nyuma, rafu zikiwa tupu na kalenda ya zamani ukutani. Sasa tepe za kila rangi zilining'inia mlangoni mpaka mteja alilazimika kuinama. Alipoinama, alisikia harufu ya kitambaa kipya, na mara moja akaiona baraza ya nyumbani Nansio, alasiri ya Jumapili, mama akimimina kopo la vifungo juu ya mkeka. Yeye na Getruda walivipanga kwa rangi, wakagombania kimoja chekundu ambacho hakikuwa na mwenzake.

"Shikamoo, mama," alisema Maige.

"Marahaba, baba. Umenenepa."

"Soko huria, mama."

"Zamani ulikuwa huna hata sindano."

"Na bado mlikuwa mnakuja kila wiki kuniangalia."

Bi Paskazia alichagua utepe kama alivyochagua siku zote, kwa kuupitisha mdomoni. Utepe mbaya, alisema, unakwaruza mdomo kabla haujakwaruza shingo ya mtoto. Alipata ulio laini, akapimiwa yadi mbili, kisha akabadili mawazo.

"Nifungie wote uliobaki."

"Mama, Jumatatu utaukuta hapa hapa."

"Ndivyo ulivyoniambia mwaka themanini na tatu."

Mama alipotoka nje kupunga upepo, Selestina alilitandaza gauni juu ya kaunta haraka. Maige alivua miwani, akakitazama kifungo kimoja, akamwaga visanduku vinne. Vifungo vyote vilikuwa vipya, na vyote viling'aa sawasawa kama meno ya bandia.

"Vya aina hii wameacha kuleta, Mama Winnie. Chukua sita vipya."

"Mama atajua."

"Hata kimoja tu, pale chini kabisa?"

"Atajua akiwa amefumba macho."

Hata hivyo alinunua kifungo kimoja cha bluu. Gauni la bluu alilolivaa mama yake lilikuwa na kifungo cheupe shingoni, tofauti na vingine vyote. Wakati wa uhaba kila mtu alivaa hivyo, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Sasa Selestina alikionea aibu, na hakutaka kanisa zima likione kesho.

Nje, mama yake hakuwepo barazani. Alikuwa jengo la pili, katikati ya foleni ya watu kumi na wawili, amesimama wima kama askari.

"Njoo, nimekushikia nafasi."

"Wanauza nini, mama?"

"Sijauliza. Ukianza kuuliza unapitwa."

"Bibi, hii ni studio," alisema mwanamke wa mbele yake. "Tunapiga picha."

Watu walicheka. Bi Paskazia aliwaacha wamalize. "Basi nitapiga picha," alisema. "Sijawahi kutoka kwenye foleni mikono mitupu."

Selestina alisimama nyuma yake. Alikumbuka foleni za sabuni, ambapo watu walipanga mawe kushika nafasi, na mama yake alifunga jiwe lake kipande cha utepe ili lisichanganywe na ya wengine.

"Getruda alikuwa mzembe tangu utotoni," mama alisema bila kugeuka. "Kitu cha baba yake, na hakukitunza."

"Mama, siye Getruda. Ni mimi. Kiko ziwani."

Foleni ilisogea hatua moja. Walisogea nayo.

"Penye mawe?"

"Penye mawe. Nilipapasa mpaka jioni."

"Baba yako naye hakupenda kukaa nchi kavu." Kisha akaongeza: "Ungesema juzi. Nimemkasirikia mtu siku mbili bure."

Ngosha, mpiga picha, aliwauliza kama walitaka picha ndogo ya paspoti au kubwa ya saizi ya postikadi.

"Ile inayoonyesha hapa," alisema Bi Paskazia, akagusa shingo. Alipigwa picha akiwa ameinua kidevu. Baada ya hapo aliomba wembe ambao Ngosha alikatia picha zake, akakata uzi wa kifungo cheupe, akakiweka kwenye kiganja cha binti yake.

Selestina alikigeuza mwangani. Rangi zile zile zilipita juu yake.

"Shati lilikuwa na vifungo saba," alisema mama. "Hiki nimekihamisha gauni kwa gauni tangu tumzike."

Selestina alitoa kifungo cha bluu mfukoni, wakakaa kwenye ngazi ya duka la Maige, naye akakishona shingoni mwa mama yake huku mama ameinua kidevu kama mbele ya kamera.

"Kinang'aa mno," alilalamika Bi Paskazia. "Haya, twende Igoma."

"Kufanya nini tena, mama?"

"Kumwomba Getruda radhi. Yeye hajui, lakini mimi najua nilivyomsema moyoni." Aliufunga vizuri mfuko wa utepe. "Huu mwingine tutampa yeye. Si nilijua utahitajika?"