Mkusanyo Usio na Tangazo Hata Moja

Kwa miaka thelathini na mmoja msahihishaji alisoma vitabu vya watu wengine akitafuta makosa, na katika vitabu hivyo vyote jina lake halikuchapishwa hata mara moja. Mwandishi huwashukuru wazazi wake, mwenzi wake, mwalimu wake wa darasa la kwanza na, hisia zikimzidi, paka wake. Msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji hashukuriwi, kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri haionekani, na ikifanyika vibaya huulizwa aliyeifanya ni nani. Yeye aliikubali hali hiyo bila kinyongo. Alitaka tu, kabla hajafukiwa, jina lake lisomeke mahali pamoja, mbali na jiwe la kaburi, ambalo huandikwa na watu wasiosahihishwa na mtu.

Mahali hapo alikuwa amekwisha kupachagua. Maktaba ya kumbukumbu za picha na sauti ilikuwa na desturi ya kuziita rafu zake kwa majina ya waliokusanya vilivyomo: "Mkusanyo wa Fulani", kwa herufi nyeusi, kwenye kibandiko cheupe. Yeye alikuwa na kanda za video mia nne na kumi na mbili za katuni za televisheni, zote zilizorekodiwa sebuleni mwake katika muda wa miaka kumi na tisa, na asubuhi ya Jumanne hiyo mtaalamu wa maktaba alikuwa anakuja kuzitazama.

Isidhaniwe kwamba alizipenda katuni kwa maana ya kuzicheka. Watoto wake watatu waliruhusiwa kucheka, mradi wasimtikise. Yeye alizitazama kama alivyosoma prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa. Aliandika daftarini kwamba kiboko mshona viatu alikuwa na vidole vitatu akiwa dukani na vinne akitoka barabarani. Kwamba kobe rubani alipaa na skafu nyekundu akatua na ya kijani, na hakuna abiria aliyeuliza. Alichokitaka ni ukamilifu: sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa mpangilio, bila kitu kisichohusika. Na kisichohusika kuliko vyote kilikuwa matangazo ya biashara.

Kuyaondoa kulikuwa na ufundi wake. Deki ya wakati ule, ukiisitisha katikati ya kurekodi, ilirudi nyuma kidogo kabla ya kutulia, kwa hiyo mwenye haraka alijikuta amelimeza neno la mwisho la kobe. Ilibidi kuchelewa nusu sekunde, wala si zaidi. Tena deki haikuvumilia kusitishwa kupita dakika tano. Baada ya hapo ilijizima ili isiichubue kanda, na matangazo ya mwisho wa mwaka yaliweza kufika dakika saba. Alikaa juu ya kigoda, hatua mbili kutoka kwenye kioo cha televisheni, kidole gumba juu ya kitufe, asiseme, asikohoe. Binti yake mkubwa aliwahi kujikata kwa kisu sehemu ya kumi na nne ikiendelea, akaambiwa asubiri tangazo.

Kanda ikijaa, alikivunja kile kijipande cha plastiki mgongoni mwake ili mtu asiweze kurekodi juu yake, akaipa namba, akaisimamisha kabatini. Mara mbili kwa mwaka alizipeleka zote mbele na kuzirudisha nyuma, moja baada ya nyingine, zisije zikagandamana au kuota ukungu. Shughuli hiyo ilichukua siku kumi na moja. Mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwenye kona ya sebule hiyo hiyo, aliiita likizo yake.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye glavu nyeupe mkobani na adabu za kutosha. Alimwamkia mzee, akamwamkia mama kwenye cherehani, akaomba radhi kwa kumkatizia kazi. Mama alisema hajakatiziwa, akaendelea na kola yake. Msahihishaji akatoa maelezo aliyoyafanyia mazoezi kwa wiki nzima, juu ya mfumo wa namba, unyevu wa chumba na hatari za sumaku, kisha akatumbukiza kanda ya kwanza kwenye deki.

Walitazama ya kwanza, ya mia moja na sita, na ya mia tatu na tisini. Kiboko alishona, kobe alipaa, sehemu zikafuatana pasipo hata mwanya wa kupitisha wembe. Mtaalamu alikiri kwamba hajawahi kuona kanda za nyumbani zilizotunzwa namna hiyo. Msahihishaji aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeutambua ukweli anapokutana nao. Kisha mgeni akaanza kuangaza macho kabatini.

"Zenye matangazo ziko wapi, mzee?"

"Hakuna."

"Kwenye kabati hili?"

"Kwenye nyumba hii. Miaka kumi na tisa, binti yangu. Hata moja."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayengoja kupewa mkono. Mtaalamu aliiweka kalamu juu ya meza. Kwa upole wa daktari mwenye majibu ya vipimo, alieleza kwamba katuni zenyewe wenye haki walikwisha kuzitoa upya kwenye diski, zimesafishwa, zinauzwa madukani jirani na sabuni, na maktaba ilikuwa na seti mbili. Kilichopotea ni kile cha katikati: matangazo, watangazaji, saa iliyotangulia taarifa ya habari, samahani za hitilafu ya mitambo. Kituo chenyewe kilifuta kanda zake zamani ili kurekodia mpira. Waliorekodi katuni kwa uvivu, wakaiacha deki iende, ndio waliookoa hayo yote. Bahati mbaya watu wavivu hawajui kutunza kanda. Ndiyo maana habari za mtu aliyetunza mia nne na ushee zilipofika ofisini, watu walisimama.

Msahihishaji aliichomoa kanda kwenye deki. Cherehani nayo ilisimama.

"Zile zangu je?" akauliza mkewe.

Msahihishaji alimjibu haraka kuliko kawaida yake kwamba zile hazimo. Mtaalamu akataka kujua zile ni zipi, na hapo ikabidi jambo la aibu lielezwe mbele ya mgeni. Alhamisi jioni kiwanda kilifunga kurasa za gazeti la wiki, na msahihishaji hakuweza kuwa nyumbani. Basi Alhamisi mkewe ndiye aliyerekodi. Mkewe alikuwa na njia moja tu ya kurekodi. Alibonyeza, akarudi kwenye sare, akaikumbuka deki kanda ilipokwisha na kujitoa yenyewe. Mumewe aliziita kanda chafu. Sehemu zake alizinasa upya kwenye marudio ya Jumamosi, kidole juu ya kitufe, kisha akaamuru zile za Alhamisi zitupwe. Mkewe hakuzitupa, kwa sababu boksi lao lilikuwa na kimo barabara cha kuegeshea mguu wa kushoto.

Sasa aliuondoa mguu, akalisukuma boksi mbele kwa ule wa kulia. Ndani mlikuwa na kanda thelathini na nane na vipande vya nyuzi.

Ya kwanza ilianza na kobe, lakini kobe hakudumu. Likaja tangazo la unga wa kufulia, likaja la betri, kisha mtangazaji wa kike aliyeshika karatasi isiyo yake, akaisoma mpaka katikati, akaigeuza, akaomba radhi. Halafu picha ya chombo cha maua, na muziki wa kinanda, kwa dakika kumi na moja. Mtaalamu alizitazama zote bila kupepesa. Alikuwa amevaa glavu ingawa hakugusa kitu.

"Huyu alikuwa na mimba ya miezi saba," mama akasema kutoka nyuma yake. "Wiki ya pili yake wakamtafutia meza kubwa. Ile ya mwanzo ilikuwa inamsaliti."

"Jina lake unalikumbuka, mama?"

Alilikumbuka. Alikumbuka na aliyempokea kazi, na rangi ya mtandio wake. Mgeni akaichukua tena kalamu, na wanawake hao wawili wakaongea kwa saa nzima. Msahihishaji alibaki amesimama. Aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu: kila tangazo lilipoanza, alilitambua kwa noti yake ya kwanza, kabla hata ya picha, na kidole gumba kilisogea chenyewe, lakini kilichofuata baada ya hiyo nusu sekunde hakukijua kabisa. Hakuwa na habari kwamba mtu wa betri mwishoni huanguka mtoni.

Ilipofika fomu, mtaalamu alimgeukia yeye. "Mwenye mkusanyo niandike jina lako, mzee? Nyumba si moja?"

"Andika lake," mkewe akasema. "Mimi nilibonyeza nikasahau. Yeye ndiye aliyeteseka na hizi mashine."

Jina likaandikwa, kwa mwandiko mzuri, mbele ya maneno "Mkusanyo wa". Lilikaa vile vile alivyoliona miaka yote akilini. Akapewa fomu atie sahihi. Aliisoma mara tatu, kama alivyozoea: ya kwanza kwa ajili ya herufi, ya pili kwa ajili ya sentensi, na ya tatu, ambayo kiwandani hakuwahi kupata nafasi nayo, kwa ajili ya ukweli. Wanawake walingoja. Kisha akalipiga mstari jina lake, akatia pambizoni alama ya kubadilisha, na kando ya alama akaandika jina la mkewe, lote, mpaka la babu.

"Palikuwa na kosa," akasema, akaurudisha ukurasa.

Mkewe alimtazama kwa muda wa kutia uzi sindanoni, ingawa sindano ilikuwa na uzi tayari. "Umelipenda mwenyewe hilo," akamwambia. "Nisije nikalaumiwa."

Msahihishaji alisema hakuna wa kulaumiwa, akalibeba boksi mpaka kwenye gari la mgeni. Alhamisi ya wiki hiyo alimtengenezea mkewe kibao cha mbao cha kuegeshea mguu. Kwa vipimo vya mama kilizidi kimo kwa kidole kimoja, akakipunguza kwa randa.

Barua ya shukrani ilifika baada ya wiki tatu, kwa anwani ya mama. Mikono yake ilikuwa na kazi, kwa hiyo mumewe ndiye aliyeisoma kwa sauti, bila kuruka neno. Ilitaja rafu, namba ya rafu, na siku ya kuwekwa kibandiko.

"Wewe wamekutaja?"

Alirudi juu, akaupitia tena ukurasa wote.

"Nimo," akasema. "Mstari wa tisa. 'Pamoja na familia yake.'"

Mkewe alishona mpaka mwisho wa mkono wa shati, akakata uzi kwa meno.

"Si vibaya."

"Si vibaya," msahihishaji akakubali. "Sentensi imesimama."

Akaikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, akaenda kuzirudisha nyuma kanda zake.