Kompyuta Haimtaki Ghati

Kaka yangu Thadeo alikuwa anazikwa saa nane mchana kule Butiama, na asubuhi hiyo mimi nilikuwa bado Bunda, kwenye steshenari ya binti anaitwa Raya, nimekalia stuli iliyofungwa mguu kwa mpira, nachapisha wasifu wake, nabishana na kompyuta.

Kwetu, wasifu ukisomwa kaburini, mtoto anayetajwa ndiye anasogea kutupa udongo. Anaanza mkubwa. Mkubwa wa Thadeo ni Ghati, wa mke wa kwanza ambaye alishafariki. Siku zote Ghati anasema mama yake wa kambo, Matrida, hamtaki pale nyumbani. Akirukwa leo, hatakanyaga tena.

Raya akaandika Ghati. Kugusa kitufe kirefu tu, ikawa Haiti.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Sio mimi, bibi. Inajisahihishaga yenyewe."

"Nani kaituma?"

Akacheka. Akafuta, akaandika upya. Haiti. Na chini ya majina yetu yote, Werema, Magesa, mistari myekundu imejikunjakunja kama daftari la mtoto mvivu.

"Hebu izime hiyo akili yake."

Akafungua dirisha la mipangilio, lote Kiingereza, visanduku vina alama za tiki. Akatoa tiki moja. Wekundu ukapotea, nikashukuru Mungu. Akaandika Ghati. Haiti!

"Kumbe nimezima mistari tu, bibi. Kusahihisha bado."

"Na katekista wa kuusoma anasubiri."

"Nilishamrushia nakala ya kwanza kwenye simu, aanze kuizoea."

Sikulitilia maanani hilo. Macho yangu yalikuwa kwenye visanduku. Alifungua huku, akafunga kule, akarudi palepale. Chai yangu ikapoa, ikaota utando. Mwisho akakipata chenyewe, akatoa tiki, kisha akaliingiza jina kwenye kamusi ya mashine. Ghati ikabaki Ghati. Nikamwambia aandike tena, nihakikishe. Ikabaki. Akachapa, nikaikunja karatasi, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Kaburini katekista akatoa simu.

"Katekista, karatasi hii hapa," nikasema, nahangaika na fundo.

"Ninayo, mama, usisumbuke." Akasoma kwa sauti ya kanisani: "Mtoto wa kwanza, Haiti Thadeo."

Nyuma mtu akacheka. Hakuna aliyesogea.

"Wa pili, Dennis Thadeo."

Ghati akamtazama Matrida. Akakaza kanga kiunoni, akageuka kuondoka. Fundo langu nalo limegoma, kucha zinaniuma.

Dennis, mwanawe Matrida, alishainama kuchota udongo. Matrida akamshika mkono.

"Weka chini! Ghati! Unaenda wapi na wewe ndiye mkubwa? Hapa hakuna anayetupa mpaka utupe wewe."

Ghati akasimama kidogo. Akarudi, akachota viganja viwili, akatupa. Ghati akaanza kulia, Matrida akamshika bega.

Fundo likafunguka hapo. Nikamnyooshea katekista karatasi yangu.

"Tumeshapita hapo, mama," akanijibu, anasogeza simu kwa kidole.