Kibonyeo cha Euan

Fundi wa shaba alikuwa akikipiga chungu kipya nyundo tangu asubuhi, akinakili vibonyeo vyote vya kile cha zamani. Kisiwani ndivyo ilivyo: chungu cha kupikia wiski kikichakaa, kipya hutiwa makovu yale yale, ladha isije ikapotea. Majirani zao, akina Gillespie, walikuwa wakiogopa hata kufagia utando wa buibui kiwandani mwao.

"Kimebaki kibonyeo kimoja," fundi alisema, akionyesha ubavuni.

"Hicho kiache," Ishbel, mwenye kiwanda, akamjibu.

Hapo, kwenye chungu cha zamani, ndipo mumewe, Euan, alipojigonga na kupasuka kichwa ngazi ilipokatika. Alikuwa ameomba ngazi mpya mara kwa mara. Kampuni ya mjini, inayonunua wiski yao yote na kushikilia mfuko wa fedha, ilimwambia asubiri. Alipozikwa, wiski ikatoka tamu kuliko zamani, hata ikapewa medali. Ishbel hajaionja mpaka leo.

Bwana Haddow, aliyetumwa na kampuni, alisimama mlangoni, mwavuli wake ukichuruzika maji. "Mama, mkataba unasema ladha ile ile. Bila hicho hatununui."

"Ngazi mlisema isubiri. Hiki hakiwezi kusubiri?"

"Ngazi si idara yangu."

Mzee Lachlan, baba mkwe, akakuna shavu. "Binti, wakituacha hawa tutamuuzia nani? Tutafunga."

"Basi kipige wewe, Baba."

Mzee akaichukua nyundo, akaitazama, akamrudishia fundi. "Siwezi. Ni mwanangu."

Wakakubaliana wapike hivyo hivyo, Haddow aonje. Ishbel akawasha moto. Shaba ikaanza kuguna, kama kawaida yake ikipata joto. Kisha ukasikika mshindo mmoja mzito. Ishbel aliwahi kuusikia akiwa jikoni, siku ile ya ngazi, akadhani pipa limeanguka.

Ubavu wa chungu ulikuwa umebonyea, pale pale.

"Mimi sikugusa," fundi akasema, akakusanya vifaa vyake.

Haddow alisogea, akapima kwa vidole, akatabasamu. "Basi, tatizo limekwisha."

Tabasamu lile lilimtisha Ishbel kuliko mshindo. Alikitia kiganja chake kwenye kibonyeo, shaba ikiwa bado vuguvugu. Kilienea, kama alivyokuwa akimshika Euan paji la uso akiwa na homa. Wamemuua, na sasa wanataka afe kila wakipika. 

Akachukua ndoo ya maji, akaimwaga yote motoni.

"Mama, unajua unachofanya?" Haddow akauliza.

"Najua."

Mzee Lachlan hakumzuia. Alienda kufungua dirisha moshi utoke, akabaki huko akilia bila kujificha.

Ishbel akarudisha kiganja. Shaba ikasukuma kutoka ndani, taratibu, mpaka ubavu ukawa laini tena. Haddow aliona, akarudi nyuma hadi mvuani.

"Mmevunja mkataba. Jumatatu wanasheria wetu watakuja kufunga kiwanda," akasema kutoka huko.

"Waje," Ishbel akasema. "Waambie walete na ngazi."