Taa ya Mteja

Wanafunzi walimwita Bi Kwanini, na walimu nao, walipohakikisha hayupo karibu, walimwita hivyo hivyo. Alikuwa mkuu wa tathmini katika chuo cha jamii, kile chuo cha watu wanaorudi darasani baada ya kuzaa, baada ya kuachishwa kazi, au baada ya shule kuwashinda mara ya kwanza. Kazi yake haikuwa mitihani. Mitihani ilikuwa na ofisi yake na kufuli lake. Yeye alitakiwa ajibu swali jingine: hawa watu wakitoka hapa, wanaweza kuifanya kazi tuliyowaahidi kuwafundisha? Ndiyo maana kila alipochungulia idarani na kuanza na lile "kwa nini" lake, walimu walikumbuka ghafla kwamba wana kipindi.

Asubuhi ya jaribio la idara ya umeme, hakutulia. Alipanga viti vya karakana, akavipangua. Akaenda dirishani, akarudi, akafuta meza ambayo ilishafutwa. Ukutani palikuwa na ubao mpana uliofungwa na fundi mmoja wa mtaani: swichi kuu, soketi, taa mbili, na mahali fulani nyuma ya soketi, waya uliolegezwa makusudi. Umeme wenyewe ulitoka kwenye betri ndogo isiyoweza kumdhuru hata panzi, lakini wanafunzi wangeambiwa wauchukulie kama umeme wa nyumbani. Kila mmoja angetafuta ubovu, kisha amweleze mteja. Mteja alikuwa katibu muhtasi wa mkuu wa chuo, mama mcheshi aliyekuja na mkoba wake wa kutokea, "ili nionekane na mimi nina nyumba."

Kilichomkosesha Bi Kwanini utulivu hakikuwa ubao. Kiongozi wa idara hiyo, Mwalimu Umeme, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, nyumba iliyompokea ilikuwa ya huyo shemeji, na humo alikaa mpaka akamaliza shule. Darasa la Mwalimu Umeme ndilo lililoongoza kwa alama chuo kizima, na ni yeye mwenyewe aliyesema mbele ya walimu wote, kifua mbele, "Anza na idara yangu, shemeji. Hawa wengine wajionee mfano."

Wanafunzi walichaguliwa kwa kura. Wa kwanza alikuwa mtu mzima aliyewahi kuwa mlinzi wa ghala, kichwa kuliko wote, wenzake walimwita Profesa. Alisimama wima mbele ya ubao, akakohoa kidogo, akaanza.

"Mkondo wa umeme ni sawa na volti gawanya kwa ukinzani."

"Ahsante, baba," mteja akasema. "Sasa taa yangu?"

Wenzake walicheka mlangoni. Kijasho chembamba kikamtoka Profesa. Akaitazama taa kana kwamba imemtukana, akashika bisibisi, akaipeleka moja kwa moja kwenye soketi.

"Zima kwanza!"

Aliyepiga kelele alikuwa Bi Kwanini. Msimamizi hatakiwi kusema kitu, naye ndiye aliyeiweka sheria hiyo, lakini sauti ilikuwa imeshatoka. Profesa alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, na baada ya hapo hakufanya tena lolote la maana.

Waliofuata hawakuwa nafuu. Mmoja alibadilisha balbu, akairudisha, akaibadilisha tena. Mwingine alichora saketi safi ya kutundikwa ukutani, asijue pa kuanzia kwenye ubao wenyewe. Dada mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni alizima swichi kuu bila kuambiwa, akaifungua soketi vizuri, kisha akaganda. Hajawahi kuona soketi kwa nyuma, alisema, picha yake tu. Kufikia mchana, hakuna aliyeuona ule waya. Bi Kwanini alipogeuka kumtafuta shemeji yake, ambaye asubuhi yote alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma, alikuta mlango mtupu.

Dada yake alipiga simu jioni ile ile.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Amefanyaje, dada?"

"Amerudi, hajala, hajasema. Amekaa uani anafungua feni. Na feni yenyewe haikuwa na ubovu wowote, mdogo wangu. Kabla jua halijazama, njoo."

Alikwenda kwa miguu, kwa sababu kukaa kwenye gari asingeweza. Njiani alipanga maneno ya kusema, akayapangua kama vile viti. Jumatatu angesimama mbele ya walimu wote asome matokeo. Akiyalainisha, kesho kuna mtu ataingiza bisibisi kwenye soketi ya kweli. Akiyasema yalivyo, anamvua nguo mtu aliyemvisha yeye.

Shemeji yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, vipande vya feni vimezagaa miguuni. Hakuinua uso.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mkuu wa Tathmini."

Lile jina la cheo lilimchoma. Dada yake alisimama mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi, akiwatazama kwa zamu.

"Iondoe idara yangu kwenye matokeo," Mwalimu Umeme akasema. "Sema ubao ulikuwa na kasoro. Mwakani tutajipanga."

"Ubao haukuwa na kasoro."

"Najua haukuwa na kasoro! Mimi ndiye nimefundisha umeme tangu wewe unalilia kusukwa nywele, utanieleza ubao?"

"Mume wangu," dada akasema taratibu.

Bi Kwanini alishindwa kukaa hata aliposukumiwa kiti. Alizunguka ua, akafika penye kamba ya nguo, akarudi.

"Leo nilipiga kelele," akasema. "Nilisema zima kwanza. Unajua ilitoka wapi? Hapa hapa. Ulinipa pasi mbovu, ukaniambia sikusaidii, na kila nilipotaka kuigusa ukaniuliza, umezima? Nililia siku hiyo. Lakini niliitengeneza. Sasa kwa nini hawa huwafundishi hivyo?"

Ndilo lile swali lake, na kwa mara ya kwanza maishani alijuta kuliuliza. Mwalimu Umeme alitupa bisibisi chini.

"Kwa sababu wewe ulikuwa mmoja!" Akaishusha sauti. "Wewe ulikuwa mmoja na pasi ni moja. Hawa wamejaa mpaka kwenye madirisha, na testa za kupimia umeme ninazo mbili, moja yangu mwenyewe. Nikimpa huyu ashike, wale wote wanakaa bure. Kwa hiyo nasoma, wanaandika. Wanaandika vizuri, wanafaulu, kila mtu anapiga makofi. Kuna mtu aliwahi kuniuliza nafundishaje? Hata wewe, na ubao wako? Umekuja kupima chungu, hukuuliza udongo."

Bi Kwanini aliacha kuzunguka. Ni kweli, hakuwa ameuliza. Alikuwa amewahoji wanafunzi, akawapima, akawahesabu, na mlango wa darasa lenyewe hakuwahi kuufungua.

"Siwezi kuiondoa," akasema mwishowe. "Lakini nitayasema na haya."

"Sema unavyotaka." Akaokota bisibisi, akarudia feni yake. Dada mtu alimsindikiza mdogo wake mpaka langoni, akamshika mkono kwa muda mrefu.

Jumatatu alisoma matokeo kwa sauti iliyokauka. Hakutaja mtu. Alisema wanafunzi waliopata alama za juu hawakuweza kupata ubovu wa kawaida, na kwamba wengi hawajawahi kushika kile walichokisomea. Akasema darasa limejaa kupita kiasi na vifaa hakuna. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe alianzia mwisho. Alipaswa kukaa darasani kwanza. Walimu wengine walitazama meza. Wengine, na hilo lilimuuma, walitabasamu pembeni.

Mkuu wa chuo alitupia jicho saa yake. "Basi tuseme kuna changamoto, tumezipokea, tuendelee na ajenda."

"Tusiendelee."

Mwalimu Umeme alikuwa amesimama. Bi Kwanini alikunja karatasi ya matokeo. Alidhani sasa ndiyo ataaibishwa mbele ya watu.

"Wanafunzi wangu wanajua kuusema umeme," akasema. "Kuushika hawajui. Hilo ni kweli, na nililijua kabla ya ubao. Mnaotabasamu, subirini zamu zenu zifike. Nataka darasa ligawanywe. Nataka ile stoo ya viti vibovu. Testa nitaomba kwa mafundi wa mjini, hata za zamani. Na mimi nitaacha kusomea watu imla kama kasisi."

Waliotabasamu wakanywea. Mkuu wa chuo, ambaye alichukia kelele kuliko alivyopenda viti vibovu, alikubali stoo itolewe. Mwalimu Umeme alitoka bila hata kumsalimu shemeji yake.

Muhula ule Bi Kwanini alikaa kiti cha nyuma katika stoo ile, sasa karakana, kila wiki. Alimwona Mwalimu Umeme akijifunga mikono nyuma ili asiwanyang'anye wanafunzi bisibisi, akishindwa, akiwanyang'anya, akijilaani, akiwarudishia. Hawakuzungumza zaidi ya salamu. Nyumbani kwa dada yake alikwenda mara chache, na kila alipofika, feni ilikuwa imefunguliwa tena.

Siku ya jaribio la pili, mwalimu hakuruhusiwa kuingia karakanani. Bi Kwanini naye aliogopa mdomo wake, akamwachia msaidizi usimamizi, akatoka nje. Wakakutana kwenye korido, mmoja anakwenda, mwingine anarudi, kama baba wawili nje ya wodi ya wazazi.

"Tulia, shemeji, unanitia wazimu," akasema Mwalimu Umeme.

"Tulia wewe kwanza."

Lilikuwa neno la kwanza la utani tangu ile jioni. Walizidi kutembea.

Mlango ulipofunguliwa, alitoka yule dada wa mtoto mgongoni, akicheka peke yake. Nyuma yake katibu muhtasi alitangaza kwa korido nzima kwamba taa yake imewaka, na kwamba ameelezwa mpaka akaelewa. Profesa naye aliuona waya, ila furaha ilimzidi, akakimbia kumwambia mkewe kabla hajamweleza mteja kitu. Msaidizi alileta jumla: waliofaulu ni chini kidogo ya nusu.

Bi Kwanini alijikuta anafuta macho kwa kiganja. Shemeji yake hakufurahi wala hakukasirika. Alisimama akitafuna mdomo, miguu bado inatafuta pa kwenda.

"Na hawa waliobaki," akasema, "wamekwama wapi? Kwa nini?"

"Hata mimi sijui."

"Basi tusisimame hapa." Alikuwa ameshashika kitasa. "Waite mmoja mmoja, tuwaulize."